Kasha Moja la Gayogayo

Chupa zilikuwa thelathini, na Daktari Ismenia Araya alikuwa ameshazipanga kwenye sanduku la kutupwa, pamoja na madaftari yaliyoliwa na panya na hadubini moja iliyokufa zamani, alipouona mwandiko wake mwenyewe kwenye kibandiko: "Lizardo Barraza. Macho madogo. SI KWELI." Maneno mawili ya mwisho aliyaandika kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa, miaka ishirini na miwili iliyopita. Karatasi ilikuwa imefifia yote isipokuwa hapo.

Alikuwa anastaafu. Chuo kilikuwa kimempa hadi Ijumaa aondoe vitu vyake, na tayari kijana mmoja kutoka Santiago alikuwa amekuja mara mbili kupima dirisha kwa ajili ya mapazia. Mtu mwingine angezibeba zile chupa akazitupa na kwenda zake kunywa chai. Ismenia hakuwa mtu wa namna hiyo. Maisha yake yote hakuweza kuona chupa iliyofungwa asiifungue, na kwa tabia hiyo alipata shahada, akapata jina, na mume wake wa kwanza akamkimbia.

Basi akafungua moja. Ndani mlikuwa na matamvua ya samaki, zile pinde zilizojificha chini ya mashavu ambazo samaki huvutia pumzi. Yakiwa mabichi huwa mekundu kama nyama. Haya yalikuwa meupe, yamekaa kwenye spiriti miaka yote hiyo. Akakitoa kipande, akakiweka chini ya kioo cha kukuzia, na bila kukusudia lolote akaanza kuhesabu vijino vilivyojipanga kwenye upinde.

Pwani ile ina gayogayo wa aina mbili, samaki bapa wanaolala mchangani kwa ubavu, macho yote mawili yakiwa upande mmoja. Ni ndugu wa karibu mno. Ukiwaweka mezani pamoja, hata wapishi wanaowakaanga kila siku hubaki kukuna vichwa. Wa kwanza wanamwita gayogayo wa kawaida, na kweli yuko wa kutosha. Wa pili ni macho madogo, na huyo ni wa kutafutwa. Njia ya hakika ya kuwatofautisha ni kuhesabu vile vijino vya matamvua: wa kawaida anavyo vingi, macho madogo anavyo vichache. Kwa samaki mmoja ni kazi ya dakika moja. Kwa thelathini, ni nusu saa.

Ismenia akahesabu chupa ya kwanza. Macho madogo. Akahesabu ya pili. Macho madogo. Alipofika ya tisa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa, akaanza upya kutoka mwanzo. Chupa zote thelathini zilikuwa za macho madogo, kama alivyosema Lizardo Barraza, mzamiaji wa kijiji cha wavuvi cha Caleta Huachalume, siku ile aliyosimamishwa mbele ya wenzake akaambiwa ni mwongo. Na aliyemwambia hivyo ni yeye Ismenia.

Akakaa chini. Nusu saa, akajiambia. Nusu saa tu, Ismenia.

Siku zile alikuwa na miaka arobaini na moja, na alikuwa ametoka kuthibitisha jambo lililompatia sifa kubwa: kwamba kila mmoja wa wale ndugu wawili ana mnyoo wake. Mnyoo mdogo kama kichwa cha pini, anang'ang'ania matamvua kwa kulabu zake na kunyonya. Wa huyu hakai kwa yule, wala wa yule hakai kwa huyu. Samaki wenyewe wanaweza kukuchanganya, aliwaambia wanafunzi, lakini wanyonyaji wao wanajua nyumba zao. Wanafunzi walicheka, wakaandika. Sifa ikamlevya kidogo, na si vibaya kulisema, maana yeye mwenyewe ameshalisema.

Kwa utafiti uliofuata alihitaji macho madogo thelathini kabla ya majira ya baridi. Akamwendea Lizardo, kwa sababu kila mtu alisema hakuna mwingine. Lizardo alikuwa anashuka na mpira wa hewa mdomoni mpaka kwenye mchanga, mahali ambapo mwanga ni wa kubahatisha, akapapasa kwa mkono mpaka akute ubavu wa samaki. Anapitisha kidole gumba juu ya magamba mara moja. Tayari anajua ni ndugu yupi. Wenzake waliwahi kumfunga kitambaa usoni ufukweni, wakampa samaki ishirini kwa zamu, wakabaki wamekodoa macho wao.

Alileta thelathini, kwa miezi miwili, mmoja mmoja na wawili wawili. Na Ismenia alipofungua matamvua akakuta, kwa samaki kumi na tisa, mnyoo wa gayogayo wa kawaida. Hakuhesabu vijino. Alikwishamwona mnyoo, vijino vya nini tena? Akachukua kalamu nyekundu.

Angeweza kumwita Lizardo pembeni. Badala yake alikwenda kwenye kikao cha chama cha wavuvi, katika banda lao la mabati, kwa sababu alikuwa na hasira ya mtu ambaye kazi yake ya miezi miwili imeharibika. Alisema yote mbele ya watu arobaini. Lizardo alisimama na kofia mkononi.

"Dokta, mimi sijakuletea wa uongo," alisema. "Wote ni macho madogo. Niliwaweka kwenye kasha moja na wale wa kawaida wa kuuza mkahawani, majini, chini ya gati, ili ukija uwakute wanapumua. Si ulisema unawataka wabichi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Na Ismenia akasema maneno ambayo sasa, akiwa amekaa kwenye kiti cha maabara isiyo yake tena, aliyasikia wazi kama redio ya jirani: "Mnyoo hana sababu ya kunidanganya, don Lizardo. Wewe unayo. Uliahidi thelathini na hukuwapata."

Kasha moja. Mwaka uliopita tu, mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa amewaweka wale ndugu wawili pamoja kwenye tangi dogo, na siku ya tatu akakuta minyoo wa mmoja wamehamia kwa mwingine. Baharini, kila samaki na mchanga wake, hawahami. Ukiwabana pamoja, shavu kwa shavu, wanahama. Ismenia alimpigia yule binti makofi mbele ya kitivo kizima, akasaini tasnifu yake, akala keki. Hata mara moja hakumkumbuka Lizardo Barraza. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jumamosi aliendesha kigari chake kwenda Huachalume. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, ukungu umelala barabarani toka mjini Coquimbo, na kijijini watu walikuwa wanapaka rangi boti na kuzifunga maua ya karatasi kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Petro. Alisimama kwenye kibanda cha kwanza chenye moshi. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono imejaa unga, alikuwa anakunja sambusa kubwa za chaza na kuzitosa kwenye mafuta.

"Samahani, dada. Namtafuta Lizardo Barraza."

"Nani?" Mwanamke aliinua macho. Mvuvi aliyekuwa akisubiri sambusa yake akageuka.

"Si anamtaka Mnyoo huyo," mvuvi alisema. "Yasna, mgeni wa baba yako."

Ismenia alimgeukia. "Mnamwitaje?"

"Mnyoo. Tangu nikiwa mtoto anaitwa hivyo." Mvuvi aliuma sambusa, akapulizia moto mdomoni. "Kwa vile alivyo mwembamba, nadhani. Umemwona? Upepo ukivuma anashika ukuta."

Yasna hakucheka. Alikuwa anamtazama Ismenia kuanzia viatu mpaka mvi, polepole, kama mtu anayekumbuka wimbo asioupenda. Alingoja mvuvi aondoke.

"Wewe ndiye dokta," alisema.

"Ndiye mimi."

"Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikaa mlangoni pa banda siku ile. Ulivaa koti la kijani." Akapindua sambusa kwenye mafuta. "Umekuja kutafuta nini? Samaki? Siku hizi wanaletwa na lori, tayari na vyeti."

"Nimekuja kusema kwamba baba yako alisema kweli. Samaki wote thelathini. Nimewahesabu juzi."

"Juzi."

"Juzi, ndiyo."

Yasna aliweka kijiko chini. Mafuta yalikuwa yakichemka, na Ismenia akatamani atukanwe ili yaishe. Hakutukanwa.

"Saa tano wana kikao cha sikukuu, pale pale bandani," Yasna alisema mwishowe. "Ulisemea huko. Anzia huko. Baba hutamkuta, hajakanyaga banda lile tangu siku hiyo. Ukimaliza nitakupeleka nyumbani."

Kikao kilikuwa kinabishania boti ipi itambeba mtakatifu. Mwenyekiti, Nibaldo Cortés, mtu mnene mwenye sauti ya filimbi, alimpa nafasi kwa heshima zote. Ismenia alisimama mahali alipokuwa amesimama miaka ishirini na miwili nyuma, akapiga moyo konde, akasema. Alieleza kasha, akaeleza minyoo, akaeleza chupa. Alisema: "Mimi ndiye niliyekosea. Yeye alisema kweli, na alinieleza sababu papa hapa, na sikumsikiliza."

Njia nzima alikuwa ameogopa hasira yao. Alipowatazama aliona sura za watu wanaojaribu kwa adabu kukumbuka jambo fulani.

"Hiyo ilikuwa lini?" mmoja aliuliza.

"Ile ya Mnyoo na dokta, jamani. Enzi za baba yangu."

"Ala! Kumbe ndiyo maana anaitwa Mnyoo?"

"Mimi siku zote nilijua ni wembamba."

"Sasa tumwiteje? Tumpe jina jipya uzeeni? Hataitika!"

Banda likacheka, kicheko kizuri, cha watu wasio na kinyongo na mtu yeyote. Nibaldo akagonga meza kwa kopo.

"Umesema, dokta, na tumesikia. Katibu, andika kwenye kumbukumbu: Lizardo Barraza hakudanganya." Akamgeukia Ismenia kwa upole. "Usijitese, mama. Hapa sisi tulishasahau."

Akarudi kwenye habari ya boti. Ismenia akatoka nje. Alikuwa ameandaa maneno ya kurudisha kitu kikubwa alichomwibia mtu, na wenye banda walikwishasahau kama kiliibiwa. Jina tu ndilo lililobaki, na lenyewe walilitumia kwa mapenzi.

Yasna alikuwa anamsubiri na ndoo. Ndani, kwenye maji kidogo, gayogayo wawili walilaliana, mashavu yao yakipanda na kushuka.

"Wameingia leo asubuhi na nyavu," alisema. "Ndugu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Nimehakikisha."

"Wa nini?"

"Maneno ya dokta baba ameshayasikia maishani mwake, yamemtosha. Mpe samaki." Alianza kupanda mlima, ndoo inamgonga goti. "Hajamgusa gayogayo tangu wakati ule. Nikileta nyumbani nikamwuliza, baba, huyu yupi, ananiambia: mwulize aliyemuuza."

Nyumba ilikuwa juu kabisa, ya mbao zilizopakwa bluu, na badala ya harufu ya samaki ilinuka dizeli. Lizardo Barraza alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya kompresa iliyofunguliwa, moja ya zile zinazosukuma hewa kwa wazamiaji. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya sasa: wengine wanashuka, yeye anawatengenezea pumzi. Alikuwa na miaka sabini na moja na kweli alikuwa amekonda. Alimtazama mgeni, akatazama ndoo, akafuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono.

"Dokta," alisema. "Umezeeka."

"Na wewe, don Lizardo."

"Mimi nilianza mapema." Akacheka, meno machache. "Yasna, weka birika. Na ule mkate wa jana, upashe. Parachichi lipo?"

Walikaa jikoni. Ismenia hakungoja chai imiminwe. Alisema yote tena, safari hii bila kusimama na bila kupanga maneno, na akasikia jinsi habari ilivyokuwa fupi. Lizardo alisikiliza akiwa anaponda parachichi kwa uma.

"Wote thelathini?" aliuliza.

"Wote."

"Hata yule wa mwisho? Alikuwa mdogo, huyo wa mwisho. Nilimpata siku ya maji machafu."

"Hata huyo. Macho madogo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na wale minyoo wako?"

"Walihama. Ndani ya kasha. Wakibanwa pamoja wanahama. Sikujua."

"Kasha langu."

"Uliniambia siku ile. Ulisema uliwaweka pamoja ili niwakute wanapumua."

"Nilisema, eh?" Alionekana kufurahi kidogo kwamba alisema. Akapaka parachichi kwenye mkate, akamsogezea. "Kula, dokta. Njia ni ndefu."

Ismenia aliushika mkate asiweze kuula. "Don Lizardo, nilikuita mwongo mbele ya watu. Nimetoka kulikanusha neno hilo bandani sasa hivi. Nimechelewa, najua. Naomba unisamehe."

"Hilo la uongo?" Mzee alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Dokta, sisi ni wavuvi. Uongo ndiyo chumvi yetu. Mwulize Nibaldo urefu wa yule samaki, kongio, aliyemponyoka mwaka wa tetemeko, kila mwaka anaongezeka shubiri. Kuitwa mwongo hakukuniondolea usingizi. Mimi nilijua sijadanganya."

"Basi kwa nini..." Hakumalizia.

"Kwa nini niliacha kushuka?" Lizardo aliweka uma chini. Kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Kwa sababu nilikuamini, dokta. Ndiyo shida yenyewe. Nilijua sijadanganya, na nilijua wewe umesoma, una mashine, huwezi kukosea. Sasa piga hesabu. Kama mimi sijadanganya na wewe hujakosea, kinabaki nini?" Akainua kidole gumba cha mkono wa kulia, cheusi kwa dizeli. "Kinabaki hiki. Hiki ndicho kilichokosea. Kumi na tisa kati ya thelathini! Nikasema, Lizardo, kumbe miaka yote unabahatisha."

Yasna, aliyekuwa amesimama kwenye jiko, aligeukia dirisha.

"Nilishuka tena, wiki iliyofuata," mzee aliendelea. "Nikamshika mmoja. Kidole kikasema, macho madogo. Nikakiuliza, una hakika gani? Kikanyamaza. Unaona, chini kule huoni kitu, una mkono tu. Ukishaanza kuuliza mkono maswali, huna la kufanya kule. Nikapanda. Boti nikamwachia shemeji."

Ismenia alikuwa amekuja na aibu ya uongo aliompakazia mtu, na hiyo alikuwa amejifunza kuibeba toka Alhamisi. Hii nyingine hakuwa amejiandaa nayo. Mtu huyu hakumchukia hata siku moja. Alikaa mlimani miaka ishirini na miwili akitengeneza pumzi za wengine kwa sababu alimheshimu. Akalia, bila sauti, mkate mkononi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ni Yasna aliyeiinua ndoo na kuiweka juu ya kiti, kati yao.

"Baba. Nawa mikono."

"Niache, mwanangu."

"Nawa."

Lizardo alimtazama binti yake, akamtazama dokta mwenye pua nyekundu, akashusha pumzi ya mtu aliyezidiwa na wanawake. Akaenda kwenye karo. Alinawa muda mrefu, kwa sabuni ya kufulia, akisugua kile kidole gumba peke yake kwa brashi. Akarudi, akafumba macho bila kuambiwa, akatia mkono ndooni.

Samaki wa juu alijirusha, maji yakamrukia shati. Mkono haukushtuka. Ulimshika nyuma ya kichwa, kwa mazoea, na kidole kikapita juu ya magamba mara moja tu, kutoka shavuni kwenda mkiani.

"Wa kawaida," alisema.

Akamsogeza pembeni, akamtafuta wa pili. Kidole kikapita. Kikasimama, kikarudi, kikapita tena. Paji la uso lilikuwa limemtoka jasho, na jikoni mle palikuwa na baridi.

"Macho madogo."

Yasna aliziba mdomo kwa kiganja. Ismenia aliona kwenye uso wake kwamba ni kweli, akageuka kumwambia mzee, moyo umemjaa furaha ambayo hakuitegemea. Lakini Lizardo alikuwa ameshafumbua macho. Hakumtazama binti yake aliyewachagua samaki wale. Alikuwa anamtazama yeye Ismenia, shingo ameinyoosha, kama mwanafunzi aliyekabidhi karatasi yake.

"Sivyo, dokta?"

"Wewe ndiye unayejua, don Lizardo. Huna haja yangu."

"Najua, najua. Lakini angalia." Akamsogezea ndoo. "Si umekuja na kioo chako? Siku zote ulikuwa nacho mfukoni. Angalia tu mara moja."

Alikuwa nacho mfukoni. Alitamani kukataa. Alitamani kusema kwamba kioo hakina kazi tena kati yao, kwamba hilo ndilo alilokuja kulisema. Lakini mzee alikuwa amesimama akisubiri, maji yanamchuruzika viwikoni, na ilikuwa ukatili kumsubirisha zaidi. Akamtoa samaki, akainua shavu lake kwa ukucha, akainamia yale matamvua mekundu yaliyo hai, akahesabu. Alihesabu kwa makini, kijino kwa kijino, kama alivyopaswa kuhesabu zamani. Alisikia pumzi ya Lizardo imesimama.

"Macho madogo," alisema.

Pumzi ikatoka. Uso wa mzee ukakunjuka wote, akapiga paja, akamtazama Yasna kama kusema umesikia? Halafu akamshika Ismenia mkono kwa mikono yake miwili iliyolowa.

"Asante, dokta," alisema. "Mungu akubariki. Asante sana."

Ismenia angependa zaidi kama mzee angemzaba kofi.

Walimsindikiza mpaka kwenye gari, Yasna akiwa na sambusa nne ndani ya gazeti ambazo hakuambiwa ni za nini. Chini, boti zilizofungwa maua zilikuwa zinajaribu kujipanga kwa gwaride la kesho na kugongana. Ismenia aliwasha gari, na mzee akainama dirishani.

"Jumapili ijayo unapita huku?"

"Nikihitajika, napita."

"Nitashuka Ijumaa, kwenye maji mafupi tu, Yasna ashike mpira. Nikipata kitu nakuwekea, uje uniangalizie." Alisita, kisha akamgusa begani, sauti ameishusha kama mtu anayemfichia mwenzake aibu. "Na usiwe na wasiwasi, dokta. Safari hii kila mmoja nitamtilia kasha lake, wasije wakakuchanganya tena."